Mshenga Aliyeuliza Mara Moja

Mmanga Kheir ni fundi wa kutengeneza cherehani mbovu, na kibanda chake kipo Mkunazini, kwenye uchochoro ambao watalii huupita wakidhani wamepotea, na kweli huwa wamepotea. Ukitaka kumpata usihangaike kuuliza nyumba. Simama tu usikilize. Pale unaposikia mtu anazungumza bila ya kupumua wala kujibiwa, ndipo hapo. Anazungumza na wateja, anazungumza na paka wa jirani, na wateja wakishaondoka anazungumza na cherehani zenyewe, moja moja, kila moja kwa jina la mwenyewe. "Wewe wa Bi Nassra, leo umekasirika nini?" Na kwa kuwa cherehani haijibu, huwa keshajijibu mwenyewe.

Hiyo ndiyo ila yake, na afadhali niiseme mapema. Mmanga huuliza na hangoji. Akikuuliza habari za nyumbani, ukifungua mdomo tu yeye keshasema "njema, alhamdulillahi" kwa niaba yako, na keshaingia kwenye ubovu wa mikanda ya cherehani ya siku hizi. Mtaa umemzoea. Wanamwachia aulize, ajibu na acheke, na wao wanaendelea na shughuli zao. Si mtu mbaya hata kidogo, tena ana mikono aliyojaaliwa na Mungu. Cherehani ikishatoka kwake hairudi mpaka mwenyewe awe amesahau njia ya kibandani.

Isipokuwa moja, nayo ni ya Bi Salhiya.

Bi Salhiya anakaa Vikokotoni na anashona nguo za maharusi. Amefiwa na mumewe miaka mingi sasa, kama Mmanga naye alivyofiwa na mkewe. Cherehani yake ni ile ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika nusu, na tangu mwaka jana ilikuwa haitulii. Ugonjwa ulikuwa ule ule: skrubu ndogo inayobana uzi imelegea. Mmanga anaikaza, anajaribu kushona nayo kwenye kitambaa kibovu, inakwenda vizuri kabisa. Mwezi ukigeuka, hamali wa Darajani anaitua tena mlangoni, imefungwa kwenye kanga, na Bi Salhiya yuko nyuma yake. Jambo hili lilimkosesha raha fundi. Alianza kujitilia shaka. Alidhani pengine macho yamekwisha, au pengine ni kwa sababu ya ile bisibisi yake ndogo, yenye mpini uliozungushwa utepe mwekundu, iliyompotea mwaka huo huo. Mpya aliyonunua haikumkaa mkononi. Aliililia bisibisi ile kwa kila mtu, hata kwa Bi Salhiya, naye alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Pole, fundi," alisema. "Vitu hupotea."

Mmanga alikuwa anampenda mwanamke huyu, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Alimpenda tangu siku alipomuona anakata uzi kwa meno huku akimwambia bibi harusi asikonde zaidi, maana gauni lishakatwa. Lakini kila alipotaka kumwambia, ile ila yake ilimponza. Angeanza vizuri tu, "Bi Salhiya, nilikuwa nataka nkuulize jambo." Bi Salhiya angeinua macho na kungoja. Na Mmanga, akiyaona macho yale yanangoja, angesema, "Uzi unaotumia ni wa wapi? Wa Dar, bila shaka. Wa Dar haufai." Basi jambo limekwisha, limeulizwa na limejibiwa, na Bi Salhiya angeangalia chini na kufunga kanga yake.

Ingekuwa hivyo mpaka leo, lau si habari za Bwana Msabah.

Bwana Msabah ana nyumba ya wageni Bwejuu, pwani ya mashariki, na alituma posa kwa Bi Salhiya kwa njia zake zote, wazee wawili na maneno matamu. Bi Salhiya aliomba muda wa kufikiri, na mtaa ukaamua kwa niaba yake kwamba jawabu litatoka Ijumaa ya wiki ya pili. Habari hii Mmanga aliipata kwa Bi Kazija, anayekaanga bajia mkabala na kibanda chake na ambaye hupata kila habari ikiwa bado ya moto.

"Bwejuu kuna upepo mzuri," Bi Kazija alisema huku anageuza bajia. "Na wageni wanapenda nguo nyepesi. Hatokosa cha kushona."

Mmanga aliirudisha bajia yake kwenye sahani. Tangu Bi Kazija aanze kukaanga pale, hakuna aliyewahi kuona jambo kama lile.

Sasa mtu atauliza, kwa nini naye asitume posa? Kwetu mtu akitaka mke hatangulizi mdomo wake. Humtuma mshenga, mtu mzima mwenye maneno laini na miguu isiyochoka, aende akaguse mlango kwa niaba yake. Mmanga aliwafikiria wote aliowajua. Huyu angeitoa siri kabla hajafika Darajani. Yule angeitoa akishafika. Na Bi Salhiya akikataa, Mmanga angelazimika kuupita mtaa ule kila siku, kila baraza inamjua kuwa ni yule aliyekataliwa kwa ajili ya Bwejuu. Kukataliwa angeweza kukustahamili. Kupewa pole na mtaa mzima ndiko kulikomtisha.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia.

Khairat, binti yake wa pekee, anasoma mambo ya kompyuta chuoni Tunguu na hurudi nyumbani kila Alkhamisi. Wiki hiyo hiyo ya habari za Msabah alikuja na laptopu yake ya zamani, akaiweka kwenye meza ya kibandani baina ya mafuta ya cherehani na gunia la vipuri, akasema, "Baba, leo nnakufundisha kitu. Ukishakijua utakuwa na mtu wa kuzungumza naye mimi nikiwa darasani." Maana Mmanga alikuwa anampigia simu mara nyingi, na kila simu ilikuwa ya cherehani.

Walianza na mfano wa wiki ya kwanza kabisa, ule ambao kila mwanafunzi huanzia: programu inauliza, mtu anajibu kwa kibodi, programu inalisoma jawabu na kulifanyia kazi. Khairat aliandika mistari michache. Kwenye kioo cha laptopu likatokea suali: Una umri wa miaka mingapi? Mmanga akatafuta tarakimu kwa kidole kimoja, akaandika 52, na Khairat akamwonyesha kitufe cha enta. Programu ikajibu: Mwakani utakuwa na miaka 521.

Mmanga akaisoma mara mbili. "Mwenyezi Mungu ni muweza," alisema, "lakini meno sidhani."

Khairat alicheka mpaka paka akaondoka. "Nimefanya makusudi uone. Kila kinachoandikwa kwenye kibodi, yenyewe inakipokea kuwa ni maandishi tu. Umeiambia iongeze moja, imeibandika moja pembeni. Haijui kuwa hii ni hesabu mpaka uiambie."

"Kwa hiyo haifikiri."

"Haifikiri. Inashika ulichoandika, hivyo hivyo kilivyo."

Akaiendesha tena. Suali likatokea, na mbele yake kijistari kidogo kikawa kinapepesa, kinakuja na kuondoka. Mmanga hakuandika kitu.

"Sasa inafanya nini?" aliuliza.

"Inangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtu aandike na abonyeze enta."

"Na mtu akichelewa? Akenda kusali, akarudi?"

"Itakuwepo pale pale."

"Na hapo kati haisemi kitu?"

"Haisemi kitu, baba."

Mmanga akakiangalia kile kijistari. Alikuwa hajapata kuona kitu kinachouliza kisha kikanyamaza, na alikionea wivu. Khairat aliendelea kumfundisha: namna ya kusema kama, yaani kama mtu kajibu hivi fanya hili, kama kajibu jengine fanya lile. Pamoja wakatunga programu ya wateja. Inauliza jina, inauliza cherehani ina shida gani, halafu, kwa kuwa Khairat kalelewa vizuri, inauliza: Utakunywa chai? Mteja akiandika ndio, kioo kinasema chai inakuja, na Mmanga anakwenda kuinua birika. Akiandika jengine lolote, kioo kinasema: Haya. Ahsante kwa kuja. Kwaheri.

Wote wawili waliisoma ile mistari na hakuna aliyeona kasoro. Ndivyo mfano wa darasani ulivyokuwa, ndio au hapana, basi.

Khairat aliporudi Tunguu, Mmanga alibaki na laptopu na fikra moja. Alikuwa na mshenga. Mshenga asiye na ndugu Darajani, asiyepita kwenye baraza, anayeuliza suali lote mpaka mwisho na kungoja jawabu bila ya kuingiza habari za uzi. Siku nzima ya Jumamosi alifunga kibanda nusu mlango, akaongeza mistari yake mwenyewe kwa kidole kimoja. Kama jina ni Salhiya, basi badala ya chai uliza: Mmanga Kheir anakuuliza, utakubali akuoe? Ikiwa jawabu ni ndio, sema alhamdulillahi, na Ijumaa wazee watakuja. Ikiwa jengine lolote, hapa alisita kwa muda, akaona bora aazime maneno ya Khairat yale yale ya chai, maana hakuwa na mengine.

Jumatatu Bi Salhiya alikuja. Hamali alitua cherehani akaenda zake, na Mmanga hakuuliza ugonjwa, aliujua. Aliipindua cherehani, akaingiza kichwa ndani yake kadiri kichwa cha mtu mzima kinavyoweza kuingia.

"Bi Salhiya, siku hizi wateja wanajiandikisha kwenye kompyuta. Ni somo la Khairat. Kaa hapo, tafadhali. Ukimaliza kila jawabu unabonyeza kile kitufe kikubwa."

Bi Salhiya akakaa, akavuta buibui lake vizuri, akaanza kuandika. Mmanga alihesabu vitufe kwa masikio. Akasikia jina lake. Akasikia shida ya uzi, neno kwa neno. Kisha hakusikia kitu. Alikuwa amelishika lile gurudumu la cherehani kwa nguvu zote, na moyo wake ulikuwa unamwambia atoke aseme kwamba kompyuta ina wazimu, ni mtoto kaichezea, uzi wa Dar haufai. Hakutoka, kwa kuwa mshenga alikuwa kazini.

Vitufe vikalia tena, vichache. Halafu enta.

Mmanga akachungulia pembeni ya cherehani. Bi Salhiya hakuinuka mara moja. Alibaki amekaa, mikono mapajani, macho kwenye kioo, kama mtu aliye mlangoni kwa watu na bado hajaambiwa aingie. Kisha akasimama.

"Itakuwa tayari lini, fundi?"

"Jumamosi, Bi Salhiya," Mmanga alisema kutoka ndani ya cherehani.

"Inshallah." Na akaondoka bila ya kugeuka.

Mmanga alipokuja kwenye kioo alikuta neno moja, hapana, na chini yake maneno ya Khairat: Haya. Ahsante kwa kuja. Kwaheri.

Nisikufiche, ilimuuma. Ilimuuma mahali ambapo alidhani pameshapoa. Aliifuta ile mistari yake yote, akaacha suali la chai tu kwa ajili ya Khairat, ambaye angekuja kukagua kazi. Halafu akanyamaza. Siku ya kwanza mtaa ulifikiri anaumwa koo. Siku ya pili Bi Nassra alimtuma mtu aulize kama kafiwa. Cherehani zilipita mikononi mwake bila ya kuambiwa kitu, na paka alikuja, akakaa, akaona hakuna mazungumzo, akaenda zake. Wateja walikuja, wakajiandikisha kwenye kompyuta, wakaondoka haraka kuliko kawaida na nyuso zimekunjika. Mmanga hakuwa na haja ya kujua kwa nini.

Alkhamisi asubuhi Bi Kazija alivuka uchochoro na mkasi wa kunolewa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaandika. Baada ya muda kiti kikasukumwa nyuma.

"Mmanga, mimi na wewe tuna ugomvi?"

"Ugomvi gani tena, Bi Kazija?"

"Chombo chako kimeniuliza kama nitakunywa chai. Nimesema hapana. Kikanambia haya, kwaheri."

"Si umesema hapana."

Bi Kazija akamtazama kwa huruma. "Ulitaka niseme nini? Niseme ndio hapo hapo, kama mtu niliyetoka kwangu sijala? Mtu akikaribishwa husema ahsante, nshakunywa. Akikaribishwa tena husema usijisumbue. Akikaribishwa mara ya tatu husema basi, kidogo tu, na huletewa kikombe kizima. Wewe umelelewa mjini hapa au umelelewa wapi? Tena si mimi peke yangu. Mtaa mzima unasema kompyuta ya Mmanga ina choyo. Bi Nassra kaambiwa kwaheri kiti hakijapata joto."

"Mara ya tatu," Mmanga alisema polepole.

"Tangu lini mtu akashikwa na hapana yake ya kwanza? Hata mshenga, ukimwambia hapana, anakaa akala tambuu na kukusifia mama yako, halafu anauliza upya. Mshenga anayeondoka kwa hapana moja nani atamtuma?"

Bi Kazija alisema hivyo kwa sababu ya chai tu, na akarudi kwenye bajia zake akiwa bado amenuna. Lakini Mmanga alikaa chini. Alimuona Bi Salhiya amekaa pale pale, mikono mapajani, anakiangalia kioo. Ewe Mola, alikuwa anangoja. Aliandika hapana kama mwanamke yeyote mwenye heshima zake angeandika, kisha akakaa kuulizwa tena, na mshenga akamfungia mlango usoni.

Au hakuwa anangoja. Hilo nalo lilimjia, na likamkaa. Huenda ilikuwa hapana ya kweli, na alikuwa amekaa pale akitafuta njia ya kutoka bila ya kumvunjia fundi uso. Hapana zote mbili huandikwa kwa herufi zile zile, na kompyuta isingeweza kuzitofautisha hata angeifundisha mwaka mzima.

Khairat alifika baada ya adhuhuri na akamkuta baba yake amenyamaza, jambo lililomtia hofu kuliko ugonjwa. Mmanga akamwambia yote, tangu Bwejuu mpaka kwaheri. Alipomaliza hakuweza kumtazama.

"Baba," Khairat alisema, "umemposa Bi Salhiya kwa zoezi langu la wiki ya kwanza?"

"Nilikuwa sina mtu wa kumtuma. Na wewe nilikuogopa. Kwa ajili ya mama yako."

Khairat alikuwa anataka kucheka, na machozi yakamtangulia. Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Mama alinambia mwenyewe, akiwa mgonjwa. Alisema baba yako usimwache peke yake, atazungumza mpaka paka wahame mtaa. Mimi nakungoja wewe mwaka mzima, baba. Kila ukinipigia unanambia habari za cherehani moja tu, ile nyeusi ya Bi Salhiya."

Mmanga hakujua kama ameona aibu au amepumua. "Basi nifundishe," alisema. "Iulize mara tatu, kama watu."

"Hiyo ni kazi ndogo. Naweza hata kuifanya iulize tena na tena, isimwache atoke mpaka aandike ndio." Khairat akatikisa kichwa. "Lakini hiyo si posa tena, huo ni utekaji. Baba, kompyuta inajua kungoja, haijui kumtazama mtu usoni. Wewe kumtazama unajua. Kungoja ndiko hujui. Inuka, tunakwenda."

Wakaenda. Mmanga alibeba cherehani mwenyewe, imeshakazwa, ili mtaa uone ni kazi inayorudishwa. Vikokotoni mlango wa Bi Salhiya ulikuwa wazi, na yeye alikuwa kwenye cherehani ya akiba aliyoazima, anashona ukosi wa gauni jeupe. Khairat alipiga hodi, akampa shikamoo, akapokewa marahaba, kisha akasema atakaa hapo barazani apate hewa. Baraza ile haina hewa hata kidogo. Mmanga alitua cherehani mezani na kubaki amesimama.

"Bi Salhiya," alisema, "Jumatatu nilituma chombo kikuulize, kwa sababu niliogopa. Leo nimekuja na mdomo wangu. Nakuuliza mara ya pili, na ukikataa sitauliza ya tatu, nsije nkakuchosha. Utakubali nkuoe?"

Bi Salhiya hakuinua macho. Gurudumu liliendelea kuzunguka taratibu, na kitambaa cheupe kikawa kinatoka kidogo kidogo upande wa pili. Mmanga aliona uzi. Aliona wazi kabisa kuwa ni wa Dar. Neno lilifika mpaka kwenye meno, akaliuma. Aliona mkanda wa cherehani ile ya kuazima umechakaa, akaliuma na hilo. Alifikiria kile kijistari kidogo kinavyokuja na kuondoka bila ya kuona haya. Barazani, Khairat alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Mshono ukafika mwisho. Bi Salhiya akakata uzi kwa meno, akakunja gauni, akaliweka pembeni.

"Bwana Mmanga," alisema, "utakunywa chai?"

Hapo kila mtu wa mji huu angejua la kusema. Ahsante, nshakunywa. Mmanga alilijua, alilisema maisha yake yote, kwenye kila nyumba aliyopata kuingia. Akamtazama usoni.

"Ndio," alisema.

Huko nje Khairat alikohoa. Bi Salhiya alimwangalia mwanamume huyu, mtu mzima, fundi anayejulikana, aliyesema ndio kwa chai mara ya kwanza bila ya hata kujidai.

"Hivyo hivyo tu?" aliuliza.

"Hivyo hivyo. Nimechoka na hapana."

Bi Salhiya akaanza kucheka, taratibu, mpaka mabega yakatikisika. "Kile chombo chako," alisema. "Niliandika hapana, nikakaa. Nikasema moyoni, sasa itanibembeleza, ngoja nione Mmanga kaandika nini. Ikanambia kwaheri. Nilirudi nyumbani nalia, barabara nzima." Akajifuta macho. "Bwana Msabah nilimjibu zamani. Wazee wake ndio wamekaa na jawabu, wanaona haya kulisema. Na wewe jawabu lako ni hilo hilo ulilolisema la chai. Ndio. Nnalisema kwa mdomo wangu, na Khairat shahidi, maana najua anasikiliza."

"Naam, Bi Salhiya," Khairat aliitika kutoka barazani.

Bi Salhiya alikwenda ndani, na Mmanga akakaa. Alipata furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Alitamani kumwambia mtu, na watu pekee waliokuwepo walikuwa wanajua. Baada ya muda Bi Salhiya akarudi na sinia: chai ya maziwa yenye iliki, kikombe kimejaa mpaka juu, na kisahani cha visheti. Pembeni ya kisahani ilikuwepo bisibisi ndogo, mpini wake umezungushwa utepe mwekundu.

Mmanga akaiangalia bisibisi. Akaiangalia cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu, iliyokuwa mezani na skrubu yake imekazwa vizuri.

"Skrubu ile hailegei yenyewe, fundi," Bi Salhiya alisema, akiwa anapanga visheti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Wewe ulikuwa unasema utaniuliza jambo. Kila mwezi nikaja kungoja uulize."

Mmanga alichukua bisibisi, akaigeuza mkononi. Ilimkaa vizuri, kama zamani. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu bisibisi ile, mengi sana, mwaka mzima wa maneno. Akaitia mfukoni, akanywa chai yake, akamngojea Bi Salhiya azungumze.